Usiitike Mara ya Kwanza

Mama yangu humpigii simu mara moja ukampata. Ukipiga, kitochi chake kinalia pale juu ya kabati la vyombo, naye anakitazama tu mpaka kinachoka. Ukipiga tena, ndipo anafuta mikono kwenye khanga, anapokea, na kabla hujasema lolote anakuuliza, "Ni wewe?" Kana kwamba ningemjibu hapana. Nimegombana naye kwa jambo hili miaka na miaka. Nilimwambia, mama, mtu akiwa na shida ya kweli, akakupigia mara moja halafu chaji ikamwishia, je? Akasema, "Mwenye shida ya kweli ataita tena." Akaendelea kupepeta maharage.

Ndiyo sheria ya nyumba yetu, na ya nyumba nyingine za jirani pale kwetu Nkoaranga, ingawa ukiwauliza watu Jumapili, wamevaa suti zao za kanisani, watakukatalia macho makavu. Ukiitwa kutoka nje, na humwoni anayekuita, usiitike mara ya kwanza. Nyamaza, endelea kumenya ndizi zako. Mtu mwenye uhai na mwenye haja na wewe ataita tena, kwa mdomo uleule. Kisicho mtu huita mara moja tu, na kikiitikiwa basi kimeshapata kilichokuja kutafuta.

Mama alikuwa na mdogo wake wa kike aliyefariki angali mtoto. Siku hiyo walikuwa wawili tu uani, wanageuza kahawa iliyoanikwa, wakasikia sauti ya mama yao ikimwita yule mdogo kutoka kwenye migomba. Mtoto akaitika, "Bee!" akakimbia. Mama yao alikuwa sokoni. Mtoto akarudi akisema hakuona mtu, jioni akaanza homa, na Jumapili iliyofuata alikuwa hayupo duniani. Mama huisimulia hadithi hii bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesimulia mvua za mwaka jana.

Mimi sikuiamini wala sikuikataa, nilikua nayo tu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha katika chuo kidogo pale Arusha mjini, vijana wanaotaka kuwa waongoza watalii, na naishi Njiro kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la chuma. Watu husema mimi ni mkali, na hawajanisingizia. Hasira zangu ziko karibu, na kinachoziamsha upesi ni mtu mzima kubabaika. Lakini hata huko Njiro, na ukali wangu wote, mtu akiniita kutoka nje ya geti mdomo wangu unajifunga wenyewe mpaka aite tena. Majirani wanadhani nina maringo.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Julai, baridi ile ya Meru inayoingia hadi kwenye meno. Somo la siku hiyo lilikuwa kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, call. Nilikiandika ubaoni kwa herufi kubwa nikawaambia wanafunzi, mnakiona kidogo hiki, lakini kimebebeshwa mizigo kuliko punda. Tukaanza na iliyo rahisi. Kumwita mtu kwa sauti, ni call. Kumpa mtoto jina, call. Kupiga simu, call. Kupita kwa mtu kumsalimia, wenye lugha yao wanasema wame-call, hata kama njia nzima hawakufungua mdomo. Ukikiongezea kineno kidogo nyuma, kinageuka tena: mechi ikifutwa kwa sababu ya mvua, ni hichohicho. Na mtu akijisikia ametakiwa na Mungu awe mchungaji, ni hichohicho. Binti mmoja wa mbele, mlokole, akauliza na mtu akifariki je, maana na sisi kwenye matangazo tunasema Bwana amemwita. Nikamjibu ndiyo, hata hapo kinafanya kazi.

"Sasa Madam," akasema kijana mmoja wa nyuma, mrefu kama mlingoti, wa kutoka Terrat, ambaye kwao ni Kimaasai asubuhi hadi jioni na Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni, "hawa watu hawana maneno? Kuitwa na simu, na kuitwa na mama, na kuitwa na kifo, vyote neno moja?"

"Na wewe Mswahili wangu unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga picha, unapiga na mtoto," nikamwambia. "Nani hana maneno?"

Darasa likacheka, lakini yeye hakuridhika. Wanafunzi wa aina hiyo ninawapenda ingawa siwaambii. Akauliza kama Kiingereza kina namna ya kumtofautisha anayekuita unamwona na anayekuita humwoni. Mtu mwingine akadakia, "Usikatae wito, kataa maneno," wakacheka tena. Nikasema Kiingereza hakijali kuonekana, kinajali umbali. Anayeitwa akiwa mbali, unapaza. Nikasema ngoja niwaonyeshe, nyie mnapenda maneno kuliko vitendo.

Darasa letu lina dirisha linalotazama mlima. Siku hiyo mlima haukuwepo, wingu lilikuwa limeufunika hadi miguuni. Nilikwenda dirishani, nikaweka kiganja mdomoni kama tulivyokuwa tunafanya utotoni tukiwa ng'ambo ya korongo. "Mama yangu yuko huko juu," nikawaambia. "Nikitaka anisikie, nafanya hivi." Nikaita, "Mamaaa!"

Jamani, walicheka! Madam mkali anamlilia mama yake! Na mimi mtu akinicheka ndipo ninapozidi. Nikawageukia nikasema tulieni, kwetu mtu haitwi mara moja. Nikaita tena, "Mamaaa!" Yule kijana wa Terrat akajirusha nyuma kwa kicheko, mguu wa kiti chake cha plastiki ukakatika, paa, akaenda chini mzimamzima. Hapo hata mimi nilishindwa kujizuia. Tukacheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta, kisha tukaenda kunywa chai.

Kabla ya saa sita simu yangu ililia. Alikuwa jirani yake mama, mjane mwenzake. Mashamba yao yametenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu, na mimi humwita mama mdogo ingawa hatuna undugu wa damu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mama yako yuko kwako huko?"

"Hapana. Kwani hapo hayupo?"

"Mlango uko wazi. Chai ameibandika jikoni, imechemka mpaka imekaukia kwenye sufuria. Nimeita, nimezunguka shamba lote, hayupo. Simu yake iko hapa kabatini." Kisha akashusha sauti. "Alikuwa anategemea wageni?"

"Wageni gani?"

"Sijui. Ametoa vile vikombe."

Vile vikombe ni vyeupe vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, alipewa siku ya harusi yake. Vinatoka kwa ajili ya mchungaji, na vilitoka siku walipokuja kuniposa, basi. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuvipumulia. Nilipoambiwa viko mezani na hakuna mgeni wala mwenyeji, sikungoja zaidi. Nikamwomba mwalimu mwenzangu ashike kipindi changu, nikatoka na chaki bado mkononi.

Kutoka barabara kuu nilichukua bodaboda. Tulipoanza kupanda tu tukaingia kwenye ukungu, dereva akawasha taa mchana kweupe, akawa anaendesha huku anapiga honi kila kona. Tulipokaribia nilisikia kengele ya kanisa. Haikuwa Jumapili wala hapakuwa na msiba. Walikuwa wameipiga ili watu waje wamtafute mama yangu.

Uani nilikuta watu wamejaa, wamevaa makoti na wamejifunga khanga vichwani. Niliingia ndani kwanza. Vikombe vilikuwa mezani kweli, vimepangwa, vimefutwa vikang'aa, na pembeni yake sahani yenye ndizi mbivu. Jembe lake lilikuwa mahali pake, na viatu vyake vya mvua vilikuwa mlangoni. Kilichokosekana ni kitenge chake cha kutokea, kile cha bluu, na viatu vyake vya kanisani. Mama alikuwa ametoka kwenda kulaki mtu. Nilivitazama vile vikombe nikaogopa kuvigusa.

Aliyekuwa anaongoza ni mzee mmoja wa kanisa, dereva wa lori mstaafu, mwenye sauti ya kuziba honi ya lori lake mwenyewe. Akatupanga kwa mstari, kuanzia kwenye kahawa za juu mpaka kwenye migomba ya chini inayopakana na korongo. "Tusipige kelele kama soko," akasema. "Mkiita wote, hata akijibu hatutamsikia. Kila mtu aite mara moja, halafu kimya, tusikilize. Kisha anayefuata." Nikaona ni mpango mzuri. Mimi napenda utaratibu, na kwenye kundi lile alikuwa wa kwanza kuwa nao.

Tukashuka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu akipiga hatua chache mbele yako anabaki mguu, kisha habaki kitu. Zikabaki sauti peke yake. "Mama Mwalimu!" ilikuwa ya mwanamume, kulia. Kimya. Matone ya maji kwenye majani ya migomba. "Mama Mwalimu!" ya mwanamke, mbali kidogo. Kimya. "Bibi!" ya mjukuu wa mtu. Kila sauti ilikuja ikapita, nikawa sijui tena ni ya nani, kwa maana ukungu unaichukua sauti ya mtu na kuirudisha imekosa mwenyewe. Kuna wakati sauti moja iliita kutoka chini kabisa, chini zaidi ya aliposimama yeyote kati yetu. Tuliokuwa karibu tulitazamana. Mzee akasema ni mwangwi wa korongo, twende.

Tulitafuta mchana wote. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba mwanamke wa umri wake, amevaa kitenge na blauzi, akilala nje kwenye baridi ile hatuamki naye. Kila mtu alikuwa anawaza hivyo na hakuna aliyesema. Saa kumi na moja ikafika, kijivu kikaanza kuwa cheusi chini ya migomba.

Nilikuwa nimebaki nyuma peke yangu, karibu na mfereji wa zamani ambao siku hizi haupitishi maji, nilipoitwa. Jina langu, mara moja, kutoka kwenye ukungu. Nikanyamaza. Sikuamua kunyamaza, nilijikuta tu nimekamata tawi la kahawa, nimebana meno, nasubiri. Likaitwa tena, kwa hasira safari hii, na mama mdogo akatokeza mbele yangu anahema.

"We mtoto, mbona huitiki? Nimepata kiatu chake!"

"Nilidhani..." nikasema, nikashindwa kumalizia.

Tulitazamana. Alikuwa ameshika kiatu cheusi cha kanisani, kimejaa tope. Nikaona uso wake unabadilika, naye nadhani aliona wangu unabadilika.

"Yesu wangu," akasema. "Mchana kutwa tunamwita mara moja moja."

Tulikimbia mpaka kwa yule mzee. Nikamweleza mbiombio kwamba mama hawezi kuitika, kwamba kila sauti imemwita mara moja ikapita, na yeye haitiki sauti ya hivyo hata nyumba ikiungua. Mzee akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonipandisha mori. "Mwalimu," akasema, "hayo ni mambo ya kipagani. Mtu ameumia, anasikia wenzake wanamtafuta, atanyamaza?"

"Huyu atanyamaza."

"Wewe umesoma, mtu mzima, unasimama hapa..."

"Mzee, nyamaza!" nikamfokea, mbele ya watu wote, mzee wa kanisa aliyenishika nikibatizwa. "Ni mama yangu, namjua mimi!"

Watu waliguna. Mzee akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwamba haya. Tukaenda wote hadi pale kiatu kilipookotwa, kwenye njia nyembamba iliyo juu ya korongo. Nikasimama ukingoni. Chini kulikuwa na mimea ya porini iliyofungamana, na ukungu juu yake umetulia.

Nikaita, "Mamaaa!" Nikasubiri. Nikaita tena, "Mamaaa!"

Hakuna. Nikarudia vilevile, mara ya kwanza, nikasubiri, mara ya pili. Nilikuwa nimejiaminisha kabisa kwamba hapohapo nitasikia "Bee" yake. Mama huniitikia hivyo, "Bee," kana kwamba mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye binti, tangu nilipokuwa mdogo, na tulikuwa tunacheka kwa hilo. Haikuja. Basi nikajua amekufa. Nilikaa chini kwenye tope, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananitazama, nikawa namwita katikati ya kilio, mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mama mdogo alinipita. Akasimama ukingoni, akamwita mama kwa jina lake la usichana, ambalo watu wengi waliokuwepo hata hawalijui. Akasubiri. Akaliita tena.

"Bee."

Ilitoka chini ya miguu yangu, si mbali hata kidogo. Ilikuwa sauti ndogo ya kawaida tu, kama ya mtu aliyeitwa chakula.

Vijana waliteremka kwa kamba, wakamkuta amekwama kwenye kichaka, mguu umevunjika chini ya goti, kitenge cha bluu kimechanika. Wakampandisha kwenye ngazi ya mti iliyotandikwa mablanketi. Nilimkimbilia, nikainama kumkumbatia, naye akarudisha kichwa nyuma. Aliniangalia usoni sehemu kwa sehemu. Kisha akamgeukia mama mdogo.

"Huyu unamwona?" akamuuliza.

"Namwona. Ni mwanao huyo."

"Haya," akasema, akafumba macho. Hakunishika mkono njia nzima ya kwenda hospitali.

Siku ya pili alikuwa amefungwa plasta, amekunywa uji, na ulimi wake umerudi mahali pake. Yule mzee wa kanisa alikuja kumtazama na chupa ya maziwa ya moto. Mimi nikamwamkia huku naangalia sakafu kwa aibu ya jana, akanipokea kama hakuna lililotokea. Akamtania mama: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi la mkuu nimelisikia tangu utoto," mama akamjibu, "na guu limevunjika vilevile." Wodi nzima ikacheka.

Alipoondoka, nikavuta kiti karibu na kitanda. Nilikuwa na swali tangu jana na mimi si mtu wa kukaa na swali. "Mama," nikasema, "nilikuita mara mbili. Nikakuita tena mara mbili. Ulimwitikia mama mdogo, mimi hukuniitikia. Kwa nini?"

Akanyoosha shuka kifuani.

"Kwa sababu sauti yako nilishaisikia jana asubuhi," akasema. "Nilikuwa jikoni nimebandika chai. Ukaniita. Nikanyamaza. Ukaita tena, mdomo uleule, sauti ileile, kutoka njia ya chini. Nikaitika, bee. Nikasema kumbe amekuja, tena amekuja na wageni."

"Ulijuaje kuna wageni?"

"Si walikuwa wanacheka? Ulivyoita tu wakacheka, vijana wengi, wa kiume na wa kike. Ulipoita mara ya pili kikakatika kitu, paa, kama kiti, mkazidi kucheka, na wewe ukiwemo, kicheko chako nakijua. Nikasema huyu mtoto ameniletea wanafunzi wake bila taarifa, na nyumba haina hata mkate. Nikatoa vikombe, nikavaa, nikatoka kuwalaki. Hapakuwa na mtu. Nikasikia mnacheka tena kule chini kwa mfereji, nikafuata. Ndipo nikateleza."

Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji. Nilikiweka chini.

"Nikalala pale," akaendelea. "Wakaja wanaoita. Mmoja anaita mara moja anapita, mwingine anaita mara moja anapita. Nikasema mimi hawa nimewazoea, hawanipati. Lakini jioni ikarudi ile ya asubuhi. Sauti yako. Ikaita mara mbili, kama ilivyoita kwanza. Nikasema hii imejifunza. Nikauma kitenge nisije nikaitika." Akaangalia dirishani. "Halafu ikalia. Mwanangu, ikalia, ikawa inaniita huku inalia, pale juu yangu kabisa. Ikanihurumisha. Nusura niitike."

Nililia tena, pale wodini, mbele ya wagonjwa wa watu. Nilipoweza kusema nikamwambia, "Mama, ile ya jioni ilikuwa mimi."

"Niliambiwa," akasema. "Na ya asubuhi?"

Ningeweza kumwambia ni mwangwi, ni upepo, ni uzee. Miaka yote nimekuwa nikipinga mambo yake kwa maneno ya namna hiyo. Lakini kile kiti kilikatika, na nilikiona kwa macho yangu kikikatika, kule mjini, mteremko wote wa mlima ukiwa kati yetu.

"Na ya asubuhi," nikasema, "ilikuwa mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Darasani. Mjini. Nilikuwa nawafundisha namna ya kuita."

Hakuniuliza zaidi. Alinitazama, sikuona hasira machoni mwake, nikaona woga, na ule woga ulikuwa wa kuniogopa mimi. Sijawahi kuumizwa na kitu kama kile. Nesi akaingia, akampima joto, akatoka.

"Basi usiniite tena," mama akasema.

"Sasa nikikutaka nifanyeje?"

"Uje."

Ndivyo tunavyoishi sasa. Simpigii simu, nampigia mama mdogo, naye anavuka masale kwenda kumwambia. Kitenzi kile bado nakifundisha kwa sababu kimo kwenye mtaala, ila siku hiyo nafunga dirisha na kuandika mifano yote ubaoni. Yule kijana wa Terrat aliwahi kuniomba niwaonyeshe tena ile ya kupaza. Nilimkaripia mpaka akashangaa, kisha nikamwomba radhi, kitu ambacho kilimshangaza zaidi.

Kila Jumamosi napanda Nkoaranga. Siku hizi sibishi hodi. Napita kwenye kahawa kimyakimya na mfuko wangu wa sukari na mkate, na mama mdogo ananicheka kwamba mwalimu mzima anaingia kwao kama mwizi wa kuku. Mama anakuwa kibarazani, anamenya ndizi, mgongo kauelekeza njiani, mkongojo umeegemea ukutani. Najua ananisikia nakuja kwa sababu kisu kinasimama. Hageuki. Nafika, naweka mkono begani kwake. Anaushika, anakitafuta kidole gumba, kile chenye kovu la mundu, nilipojikata nikiwa mtoto, analipapasa lile kovu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Bee," anaitika, na mimi sijafungua mdomo.